Zilikutana Ukutani Tu: Leza Mbili Katika Darasa la Kasulu

Aliyeniangusha ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, tena kwa daftari tu.

Ilikuwa Julai, wiki yangu ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, katika sekondari moja wilayani Kasulu. Mada ilikuwa mwanga. Andalio la somo lilikuwa safi, zana zipo mezani, na nyuma kabisa amekaa msimamizi kutoka chuoni na fomu yake ya tathmini mapajani. Nilitaka kuonyesha kitu ambacho kitabu hakina: leza mbili, nyekundu na ya kijani, zikipita njia moja kana kwamba ni mwale mmoja, na ukutani zikitoa nukta ya manjano. Nikawasha. Nukta ikatokea, ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji, darasa likapiga makofi. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda: miale miwili, njia moja.

Kijana wa dawati la pili akanyoosha mkono. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini yeye aliuliza kwa Kiswahili, na mimi nikajua hapo kuna swali la kweli. "Mwalimu, naomba niweke daftari hapa katikati." Nikamruhusu, ningekataaje mbele ya msimamizi? Akasimama kati ya meza yangu na ukuta, akaliweka daftari. Juu ya karatasi hapakuwa na nukta ya manjano. Palikuwa na nukta mbili, nyekundu na kijani, zimeachana upana wa kidole.

"Kwa hiyo zimekutana ukutani tu, mwalimu."

Darasa likacheka. Msimamizi akaandika kitu. Mimi nikabaki nimesimama na chaki.

Nieleze nilichokuwa nimefanya, maana nadhani wengi wetu tungefanya vilevile. Mezani nilisimamisha kipande cha kioo cha dirisha, kimekaa mshazari kwa pembe ya nyuzi 45. Leza ya kijani niliielekeza ipite moja kwa moja katikati ya kioo hadi ukutani. Leza nyekundu niliiweka ubavuni, ipige kioo kwa mbele, sehemu ya mwanga wake iakisiwe na kugeuka kuelekea ukutani pamoja na kijani. Halafu nikaichezea kalamu nyekundu, kushoto, kulia, juu, chini, mpaka nukta zake zikalaliana ukutani. Basi, nikaona nimemaliza.

Sasa piga hesabu. Kutoka kwenye kioo hadi ukutani palikuwa na mita 6. Baadaye nilipima nikakuta juu ya kioo chenyewe miale iliachana sentimita 3. Kama imeachana sentimita 3 mwanzoni na haijaachana kabisa mwishoni, basi katikati, kwenye mita 3, imeachana sentimita 1.5. Ndio upana wa kidole cha yule kijana. Na kama ukuta ungekuwa na tundu, huko nje ingepishana na kuachana tena. Pembe kati yao ilikuwa ndogo mno, kama nyuzi 0.3 hivi, jicho haliioni. Lakini pembe ndogo kwa umbali mrefu ni umbali.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo msimamizi hakuliandika kwa sababu hakuliona, nami nililiona kwa kuchelewa. Kioo cha kawaida hakiakisi sana. Kwa nyuzi 45, katika kila sehemu 100 za mwanga, kwa wastani kama 10 zinarudishwa na nyuso zake mbili, na karibu 90 zinapenya. Nilikuwa nimewaza zile 10 tu, zinazogeuka kwenda ukutani. Sikuuliza zile 90 za leza nyekundu zinakwenda wapi. Zilikwenda moja kwa moja upande wa pili wa darasa. Nilipogeuka kufuta ubao niliona nukta nyekundu kali imetulia kwenye kola ya shati la msichana aliyekaa karibu na dirisha. Angeinama kuokota kalamu, ingekuwa machoni. Nilizima mara moja, nikajifanya betri imeisha.

Usiku huo sikulala vizuri, na si kwa sababu ya alama. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, NIST, ilieleza kwamba ilipima kalamu za leza 122, ikakuta karibu asilimia 90 ya zile za kijani na asilimia 44 ya nyekundu hazikutimiza masharti ya usalama ya huko, ambako mwisho ni miliwati 5. Baadhi ya zile za kijani huvujisha pia mwanga wa infraredi usioonekana, kwa hiyo jicho halijui hata la kufumba. Sisi tunazinunua kwenye meza za vifaa vya simu, lebo imeandikwa chochote.

Jumamosi nilipanda basi kwenda nyumbani Kibondo. Mjomba wangu ni fundi mwashi, na siku hiyo alikuwa anaanza nyumba ya matofali ya kuchoma kwa mtu. Nilimkuta na mambo za miti na kamba. Nikamsimulia mkasa wangu, nikitegemea pole. Hakunipa pole. Alinipa mambo moja akaniambia, "Haya mwalimu, chomeka hapo, halafu nionyeshe ukuta unaelekea wapi."

Nikachomeka. Nikamwambia, mjomba, kwa mambo moja ukuta unaweza kuelekea popote.

"Ehe. Na wewe ukutani ulikuwa na mambo ngapi?"

Moja. Nilikuwa na mambo moja, ile nukta ya manjano. Ili useme miale miwili iko kwenye mstari mmoja ni lazima ikubaliane sehemu mbili, moja karibu na moja mbali. Hili tulilisoma kwenye jometri tangu tukiwa watoto, kwamba nukta mbili ndizo zinazotoa mstari mmoja tu, na mimi ni mwanafunzi wa Fizikia na Hisabati, mwaka wa tatu. Mjomba aliishia darasa la saba. Yeye anaongeza hata mambo ya tatu katikati, si kwa ajili ya kuupata mstari bali ya kuuhakiki. Hiyo ya tatu ndiyo lile daftari.

Nikarudi Kasulu na mpango. Nilikata vipande viwili vya boksi gumu, nikatoboa kila kimoja tundu la milimita 2 kwa msumari, yote kwa kimo kimoja. Kibao cha kwanza nusu mita baada ya kioo, cha pili karibu na ukuta. Mwale mmoja unafanywa kuwa kamba: unapitishwa matundu yote mawili na hauguswi tena. Kazi yote inabaki kwa mwale wa pili, kuufanya nao upite yote mawili.

Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu ukigeuza kioo kimoja ili upate tundu la mbali, unapoteza la karibu. Unahitaji sehemu mbili za kugeuzia. Fikiria mwale una mambo manne ya kurekebisha: ulipo kushoto au kulia, ulipo juu au chini, na unakoelekea kwa pande hizohizo mbili. Kioo kimoja kinachoinamishwa pande mbili kinakupa mawili tu. Vioo viwili vinakupa manne. Utaratibu wake ni huu, na nauandika kwa kirefu kwa sababu niliutafuta kwa taabu. Kioo cha kwanza, kile kilicho mbali zaidi na matundu, kitumie kuupeleka mwale kwenye tundu la karibu. Kioo cha pili kitumie kuupeleka kwenye tundu la mbali. Ukimaliza cha pili utakuta la karibu limeharibika kidogo. Usikasirike. Rudi cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha kwanza. Kila mzunguko kosa linapungua, na baada ya mara tano au sita mwale unapita kote. Ukijichanganya, ukatumia kioo cha kwanza kwa tundu la mbali, kosa linakua badala ya kupungua. Nimejaribu, nimepoteza jioni nzima.

Habari njema kwa mwenye mfuko mwepesi (na bumu lilikuwa limeshakata) ni kwamba kile kioo cha dirisha chenyewe kinatosha kuwa kioo cha pili. Ukikiinamisha, mwale unaoakisiwa unageuka, tena mara mbili ya ulivyokiinamisha. Ila mwale unaopenya haubadili mwelekeo hata kidogo, kwa kuwa nyuso zake mbili ni sambamba. Unasogezwa pembeni tu, kama milimita 1.3 kwa kioo cha milimita 4. Kwa hiyo nilihitaji kioo kimoja cha kujitazamia cha kuongeza.

Nilibadili pia rangi. Siku ya kwanza nyekundu ndiyo iliyoakisiwa, ikabaki na nguvu ndogo, na ajabu ni kwamba niliposhika kalamu na kuizungusha kwenye vidole kama anayeviringisha sigara, nukta yake ukutani iling'aa na kufifia. Nilidhani swichi ni mbovu. Kumbe mwanga wa leza ya namna ile hutetema upande mmoja, na kioo kilichokaa mshazari huakisi upande mmoja zaidi kuliko mwingine: kwa nyuzi 45 kila uso wa kioo unaweza kurudisha sehemu kama 9 katika 100, au chini ya 1, kutegemea kalamu imelala vipi. Somo zima la polaraizesheni limo ndani ya kalamu ya barabarani na kioo cha dirisha! Basi nikaiweka nyekundu ipenye, na kijani iakisiwe. Jicho la binadamu huona kijani cha nanomita 532 kwa nguvu kama mara nane kuliko nyekundu ya nanomita 650, kwa hiyo kijani ikipunguzwa na kioo hadi sehemu 10 katika 100, mizani inakuwa karibu sawa na manjano inatoka vizuri.

Ile kijani inayopenya na kwenda pembeni, zile sehemu 90, nilizichimbia kaburi: boksi la viatu lililopakwa masizi ya jikoni ndani, lenye dirisha dogo upande mmoja. Inaingia, haitoki. Na mtambo wote niliushusha kutoka mezani hadi kwenye benchi fupi, miale ikawa kwenye kimo cha magoti, na darasa likasimama. Mwanafunzi aliyekaa macho yake yako mita moja na kidogo kutoka sakafuni, yaani kimo kilekile cha miale inayopita juu ya meza. Sijui kwa nini siku ya kwanza sikuliona hilo.

Baada ya kulinganisha likaja la kutuliza, na hili ndilo lililonitesa zaidi. Vioo nilivishikiza kwa udongo mwekundu uliokandwa. Saa mbili asubuhi kila kitu kiko sawa. Mapumziko ya saa nne narudi, kijani imehama, iko nje ya tundu. Nalinganisha upya, saa sita imehama tena. Udongo unapokauka unasinyaa, bati nalo linapashwa na jua, ubao wa benchi unajipinda. Tufanye udongo umesinyaa upande mmoja kwa milimita 0.1, unene wa unywele, chini ya kioo chenye kitako cha sentimita 5. Kioo kimeinama sehemu 2 katika 1,000. Mwale unageuka mara mbili yake, sehemu 4 katika 1,000. Kwa mita 6 hizo ni milimita 24. Unywele mmoja chini ya kioo, na nukta yako imehama kuliko upana wa sarafu.

Fundi seremala wa mtaani Kasulu ndiye aliyenitoa. Nilimweleza nataka kioo kisitikisike ila niweze kukiinamisha kidogo sana. Akafikiri, akaniuliza jiko la nyumbani lina mafiga mangapi. Matatu. Kwa nini si manne? Kwa sababu manne yanacheza. Matatu yanakaa popote, hata kwenye mteremko. Akatengeneza ubao wa nyuma na ubao wa mbele, kati yao ncha tatu: moja msumari butu wa kuegemea, mbili bolti za spana namba 10. Mpira wa tyubu ya baiskeli unavuta mbao hizo mbili zibanane. Unageuza bolti moja, kioo kinainama kushoto au kulia. Unageuza nyingine, kinainama juu au chini. Tukajaribu kwanza kwa umbali wa sentimita 5 kati ya ncha, ikawa kali mno: bolti hiyo huenda milimita 1 kwa mzunguko, kwa hiyo robo mzunguko tu iliitupa nukta sentimita 6. Akapanua hadi sentimita 20, na robo mzunguko ikawa sentimita 1.5. Hapo mkono wa binadamu unaweza kufanya kazi.

Nilipokuwa nahangaika na bolti, mwalimu mlezi wangu aliuliza swali la haki: mwanafunzi wa Kasulu hii atalitumia wapi? Nikamwambia aangalie barabarani. Kwenye ujenzi wa lami kati ya Kibondo na Kasulu wanafunzi wote wameona wapimaji na kile chombo cha miguu mitatu. Ndani ya vyombo vya aina hiyo mwale wa leza unaopima umbali hupitishwa mhimili uleule wa darubini anayochungulia mpimaji. Vikiachana, mpimaji analenga kigingi huku leza inapima jiwe la pembeni, na daftari linaandika namba safi isiyo ya kweli. Ndiyo maana vitabu vya vyombo hivyo vinamtaka mpimaji ahakiki mara kwa mara kama nukta nyekundu bado inalala kwenye msalaba wa darubini. Hospitalini ni vilevile. Leza ya kabonidioksaidi inayokata nyama ina urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, haionekani, kwa hiyo inasindikizwa na mwale mwekundu dhaifu wa kumwonyesha daktari inapokwenda. Mwale huo ukidanganya kwa milimita 2, kisu kimekata pengine.

Si kila mahali wanataka njia moja, lakini. Leza ya macho inayosafisha utando unaobaki baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho hulengwa, kwa mashine nyingi, kwa miale miwili myekundu inayopishana makusudi. Daktari anasogea hadi nukta mbili ziwe moja, ndipo anajua yuko kwenye kina sahihi. Kule California, kwenye mtambo wa NIF, miale 192 inatoka pande zote na kukutana kwenye shabaha moja ndogo. Tarehe 5 Desemba 2022 iliingiza megajuli 2.05 ikatoa 3.15. Huko ndiko kukutana. Mimi siku ya kwanza nilifanya cha NIF nikakiita cha mpimaji wa barabara.

Na kuna watu waliokwepa tatizo lote kwa akili. Kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule wa faiba, rangi nyingi za leza zisizoonekana, za nanomita 1,310 au jirani ya 1,550, husafiri ndani ya uzi mmoja wa kioo. Kiini cha uzi huo ni mikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele mara kadhaa. Kinaruhusu namna moja tu ya kupita. Rangi ikishaingia haina hiari, njia ni ileile ya wenzake. Maabara nyingi hufanya hivyohivyo: leza zikiwa tatu au nne wanazipitisha kwenye uzi mmoja wa aina hiyo, zitokazo upande wa pili zinatoka zimeshalingana. Taabu haiishi, inahamia mlangoni, maana mwale uliopinda hautoki upande usiofaa, unaingia kidogo tu, na kinachopungua ni nguvu.

Wale wasioweza kutumia uzi huweka kipima mwanga kilichogawanywa vipande vinne. Mwale ukihamia kulia, vipande vya kulia vinapata mwanga zaidi, umeme unabadilika, na kioo kilicho juu ya kito cha piezo kinasukumwa kuurudisha. Vipima viwili, karibu na mbali, vioo viwili. Ni mambo za mjomba na bolti za seremala, ila zinajigeuza zenyewe mara nyingi kwa sekunde. Sisi wa ualimu tuna neno lake tayari, mrejesho.

Msimamizi alirudi wiki ya sita, asubuhi ya baridi. Kalamu ya kijani haipendi baridi, ilififia, nikaiweka kwapani dakika tano huku nikiita mahudhurio. Wanafunzi wamesimama, boksi la masizi lipo mahali pake, vibanio vya nguo vimebana swichi. Sikusema sentensi yangu ya ushindi. Nilimpa daftari yule kijana.

Alianza kwenye kioo akatembea kinyumenyume kuelekea ukutani, daftari mbele yake, taratibu kama aliyebeba maji. Manjano. Hatua. Manjano. Kwenye mita ya nne kingo za nukta zikaanza kuonyesha rangi, nyekundu ikitanuka zaidi ya kijani, akatuambia bila kuulizwa, nami nikamwambia ni kweli, hizo hazitanuki sawa. Akafika ukutani. Mtu wa nje akafunga mlango kwa nguvu, benchi likatikisika, kijani ikashuka kidole kizima.

Nilikuwa nainama. Kijana akawa ameshafika. Akatazama vibao vyangu viwili, akauliza, "Tundu la karibu bado linapita, mwalimu?" Nikatazama, nikamwambia linapita. "Basi ni bolti ya huku," akasema, akakishika kioo cha pili na kuanza kugeuza.

Nyuma msimamizi alikuwa ameacha kuandika, amesimama kwa ncha za vidole ili aone.